Mohamed Amin na Mwanga Hafifu wa Alfajiri

Wameru wana masimulizi ya kale ambayo msomaji wa pwani akiyasikia hutega sikio. Wazee wao husema kwamba asili yao si mlimani bali ni kisiwani, mahali walipopaita Mbwaa, na wako wataalamu wanaodhani kuwa kisiwa hicho kilikuwa karibu na Manda huko Lamu. Walikuwa watumwa wa watu waliovaa nguo nyekundu, wakatoroka kwa kuvuka maji. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, yaani weusi. Waliovuka alfajiri wakaitwa Ntune, yaani wekundu. Na waliovuka jua limekwisha chomoza wakaitwa Njeru, weupe. Hata leo koo za Wameru hugawanywa kwa rangi hizo tatu.

Masimulizi hayo niliyakumbuka mwezi wa Shaabani uliopita, nilipopata salamu kutoka kwa mpwa wangu ambaye kazi imempeleka Meru. Huko hupanga chumba katika mtaa wa Majengo, mtaa wa Kiislamu ambao jina lake lina ndugu Embu na katika miji mingine mingi ya bara. Kijana huyo alikuwa amepata idhini ya wazee wa msikiti kupiga picha za mikesha ya Ramadhani: futari, taraweh, vijana wanaoamsha watu kwa daku, na mama wauzao vitumbua barabarani kukiwa kumepambazuka nusu. Sharti la wazee lilikuwa moja tu, nalo ni kwamba asimmulike mtu kwa flashi akiwa katika sala. Akaniuliza mjombake, kwa kuwa anajua nilishika kamera ujanani, anunue kamera gani ndogo ya kidijitali iwezayo kuona gizani. Fedha zake zatosha moja tu, na akikosea hatapata nyingine.

Nilipokaa kumjibu niliona kuwa siwezi kusema habari ya kamera na giza bila ya kumtaja marehemu Mohamed Amin, ambaye mwezi wa Novemba 2026 atakuwa ametimiza miaka thelathini tangu kufa kwake. Vijana wengi wa siku hizi hawamjui. Basi nimeona heri jibu la mpwa wangu liwe la wasomaji wote.

Mohamed Amin alizaliwa Nairobi tarehe 29 Agosti 1943, katika jamaa ya Waislamu wenye asili ya Punjab. Angali mtoto wazazi wake walihamia Dar es Salaam, na huko ndiko alikokulia na kusoma. Kamera yake ya kwanza ilikuwa kile kisanduku cha Kodak kiitwacho Box Brownie, kamera kuukuu aliyoinunua kwa vijisenti.

Wale waliowahi kuishika Brownie watacheka. Haikuwa na kitu cha kurekebisha ila kugeuza filamu na kubonyeza. Tundu la lenzi yake lilikuwa dogo sana, na pazia lake lilifunguka kwa kasi moja tu, kiasi cha sehemu moja ya arubaini au hamsini ya sekunde. Jua likiwa mgongoni mwako, picha ilikuwa safi kabisa. Lakini ingia nayo ndani ya nyumba, au ngoja jua lizame, na filamu ilirudi nyeupe kama karatasi isiyoandikwa. Kijana aliyeanza na chombo cha namna hiyo alijifunza upesi kwamba mwanga si pambo la picha. Mwanga ndio picha yenyewe. Nadhani somo hilo halikumtoka maisha yake yote, maana kazi zake zilizojulikana sana dunia nzima zilipatikana pale ambapo Brownie isingeona kitu.

Akiwa bado kijana wa shule alikwisha anza kupiga picha za mashindano ya magari ya Safari. Wenyeji wa Meru na Embu wanayakumbuka mashindano hayo kwa namna yao. Miaka mingi magari yalipitia njia ile ya zamani ya Embu hadi Meru, ambayo kona zake hazina hesabu, na mara nyingi yalipita usiku, wakati wa Pasaka, mvua ikinyesha. Mtu alisimama kwenye ukingo wa barabara asione kitu, kisha taa zikatokea ghafla, gari likapita, giza likarudi. Kwa mpiga picha, ile ilikuwa kazi ya kuotea. Ulichagua mahali kabla ya jua kuzama, ukapima umbali kwa hatua, ukaweka lenzi yako tayari, kisha ukasubiri. Aliyekuja akitegemea bahati alirudi na picha za matope.

Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka ishirini tu, Mohamed Amin alifungua kampuni yake mjini Dar es Salaam akaiita Camerapix. Miezi michache baadaye, Januari 1964, yakatokea mapinduzi ya Unguja, naye akavuka bahari kwenda kuyapiga picha. Habari za mapinduzi yale zina machungu yake kwa nyumba nyingi za pwani, na hapa si mahali pa kuyafukua. Linalotuhusu ni kwamba kijana yule alijifunza huko kuwa kamera humfungulia mtu milango, na pia humfungia. Mwaka 1966 alikamatwa Unguja baada ya kupiga filamu ya kambi ambamo wakufunzi wa kijeshi kutoka Urusi na Ujerumani ya Mashariki walikuwa wakifundisha, filamu ambayo ilionyeshwa katika televisheni ya Marekani. Akawekwa katika jela ya Kiinua Miguu karibu mwezi mzima, kisha akafukuzwa nchini. Alirudi Nairobi, mji aliozaliwa, karibu na mikono mitupu, akaanza upya.

Miaka mitatu baadaye, Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya alipigwa risasi mchana nje ya duka la dawa la Chhani, katika barabara iliyoitwa wakati ule Government Road, nayo leo ni Moi Avenue. Mohamed Amin alifika upesi, akaingia ndani ya gari la wagonjwa pamoja na majeruhi, na humo, penye nafasi ya kugeuza bega tu, akapiga filamu daktari akijaribu kurudisha pumzi za mtu ambaye taifa lilikuwa likimtegemea. Filamu hiyo ilimpatia mwaka huo tuzo ya mpiga filamu bora wa habari za televisheni huko Uingereza.

Hapa ningependa mpwa wangu asimame kidogo. Nje kulikuwa na jua la mchana, na ndani ya gari kulikuwa na kivuli. Mtu aliyetoka juani akaingia kivulini hana nafasi ya kusoma kitabu cha maelezo. Vidole vyapaswa kujua vyenyewe wapi pa kufungua tundu la lenzi na wapi pa kupunguza kasi. Kwa hiyo jambo la kwanza nililomwandikia ni hili: kamera ambayo vitu vyake muhimu vimefichwa ndani ya orodha juu ya orodha, za kutafutwa kwa kubonyezabonyeza, haimfai, hata ikisifiwa namna gani. Atafute ile yenye gurudumu la kugeuza kwa kidole, ambayo anaweza kuitengeneza mikono ikiwa gizani na macho yakiwa kwa mtu.

Sasa niseme kidogo habari ya chombo chenyewe, maana ndilo aliloniuliza. Katika siku za filamu tulinunua mkanda wa ASA 400, na ukitaka kupiga usiku uliudanganya kwa kuuhesabu kama wa 800 au 1600, kisha ukauacha katika dawa kwa muda mrefu zaidi. Picha ilitoka na chengachenga kama mchanga wa ufuoni, lakini ilitoka. Katika kamera ya kidijitali, mahali pa filamu pamechukuliwa na kibamba kinachopokea mwanga, na kanuni ni ileile ya ndoo wakati wa mvua: yenye mdomo mpana hukinga zaidi. Simu nyingi zina kibamba kidogo kuliko ukucha. Hupata picha nzuri za usiku kwa kupiga nyingi upesi na kuziunganisha, na hilo hufaa kwa jengo au kwa mtu aliyetulia. Lakini safu ya watu wanaoinuka kutoka rukuu huwa kama moshi. Kamera ndogo za mfukoni kama zile za Sony zinazoitwa RX100 zina kibamba cha wastani na lenzi ambayo kwa baadhi ya matoleo tundu lake hufunguka hadi f/1.8, ila ukivuta karibu hupungua. Ricoh GR ina kibamba cha mara tatu ya hicho kwa eneo, nayo huingia mfukoni mwa kanzu. Lenzi yake ni moja isiyovuta, na tundu lake ni f/2.8. Fujifilm X100 ina kibamba cha ukubwa kama huo na lenzi ya f/2, yaani mwanga uingiao ni mara mbili ya ule wa f/2.8, ila ni nene zaidi, na bei yake ni ya kuomba dua.

Mpwa wangu alipendelea ile inayovuta, kwa hoja kwamba ataweza kukaa mbali asisumbue watu. Nilimkatalia, na hoja yangu niliitoa katika maisha ya marehemu. Mohamed Amin hakujulikana kwa kukaa mbali. Anayevuta kwa lenzi gizani hupata hasara mara mbili: mwanga unapungua, na kila mtikisiko wa mkono unakuzwa. Isitoshe, mtu aliye mbali hajaombwa kuwepo wala hajakatazwa, anaiba. Aliye karibu kapewa ruhusa, au kafukuzwa, na vyote viwili ni uaminifu.

Mfano mkubwa wa jambo hili, kwa sisi Waislamu, ni kazi yake ya Hija. Katika miaka ya sabini Mohamed Amin alipiga filamu na picha za ibada hiyo huko Makka, na kitabu chake cha picha kilichapwa mwaka 1978. Wapiga picha wasio Waislamu hawaruhusiwi kukanyaga pale, kwa hiyo ulimwengu mwingi wa nje ulikuwa haujaona mambo yale kwa ukaribu huo. Wasomaji waliokwenda kuhiji wanajua kuwa ibada yenyewe ina saa nyingi za mwanga hafifu: Arafa jua linapozama, usiku wa Muzdalifa mahujaji wakilala chini ya mbingu, na alfajiri watu wakielekea Mina. Tena mpiga picha mwenyewe ni mja aliyekuja mbele ya Mola wake. Je, jicho lake liko katika lenzi au katika dua? Swali hilo lina uzito, na sioni kuwa kamera yoyote italijibu. Namwona mpwa wangu naye analo, ingawa hakulitaja. Ndiyo sababu, nadhani, aliandika kwa kirefu habari ya wazee wa msikiti na kwa kifupi habari ya fedha.

Nisikae sana na safari zake nyingine. Alizunguka Ziwa Turkana na kutoa kitabu mwaka 1981. Alipiga picha za vifaru waliokuwa wakimalizwa na majangili, zikatoka katika kitabu mwaka 1982, miaka michache tu kabla ya vifaru weupe wa Mbuga ya Meru kuuawa na majangili mwaka 1988. Mwaka 1991, pamoja na Duncan Willetts na Brian Tetley, alitoa kitabu juu ya Mlima Kenya, ule ambao Wameru huuita Kirimara na Waembu Kirinyaga. Aliyelala Chogoria au Chuka, kati ya Meru na Embu, anajua jinsi alfajiri inavyoanza huko: mashamba ya chai yangali meusi, moshi wa jikoni unanyanyuka, na juu kabisa vilele vya Batian na Nelion, mita 5,199 na 5,188 kutoka usawa wa bahari, vimekwisha shika rangi ya kaa la moto. Ni dakika chache tu. Mpiga picha aliyeamka pamoja na jua amekwisha chelewa.

Alfajiri nyingine ndiyo iliyolitangaza jina lake. Oktoba 1984 Mohamed Amin, baada ya kuhangaikia vibali kwa muda mrefu, alifika Korem, kaskazini ya Uhabeshi, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Korem iko juu mlimani na usiku wake ni wa baridi kali. Maelfu ya watu waliokimbia njaa walikuwa wamelala nje chini ya ukungu, na kulipoanza kupambazuka walionekana kidogo kidogo, wengine wakiinuka, wengine hawakuinuka tena. Kamera za video za siku zile zilikuwa mzigo wa kubebwa begani, na hazikuona vizuri gizani kama vijikamera vya sasa. Lakini yeye hakungoja jua lipande. Angengoja, angepata picha za kambi ya wakimbizi, kama zilivyokwisha pigwa nyingine. Alichokipata ni saa yenyewe ya mauti, katika mwanga wake wenyewe, bila ya taa ya kumulika nyuso za wafu.

Picha hizo zilionyeshwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984, zikarudiwa na vituo vya televisheni 425 duniani. Wanamuziki wa Uingereza wakatoa wimbo wa kuchangisha fedha mwisho wa mwaka huo, na tarehe 13 Julai 1985 ikafanywa tamasha ya Live Aid huko London na Philadelphia. Chakula kikaenda. Wako waliolalamika baadaye, na malalamiko yao si ya kupuuzwa, kwamba picha zile ziliufanya ulimwengu umwone Mwafrika kama mtu wa kunyoosha mkono tu, na kwamba vita vilivyosaidia kuleta njaa ile havikuonekana katika picha. Mimi naona lawama hiyo inawastahili zaidi waliozitumia picha kuliko aliyezipiga. Hata hivyo linanikera jambo moja: wengi wa wale waliopigwa Korem hatuyajui majina yao. Nimemwagiza mpwa wangu awe na daftari.

Tarehe 4 Juni 1991, ghala la silaha lililipuka mjini Addis Ababa. Mohamed Amin alikuwa akipiga filamu hapo. Mlipuko ulimwua mpiga sauti wake, John Mathai, nao ukamkata yeye mkono wa kushoto. Mtu mwingine angestaafu, na hapana ambaye angemlaumu. Yeye alitengenezewa mkono wa bandia huko Marekani, na kamera ikarekebishwa iweze kushikwa nao, na haukupita muda mrefu alikuwa kazini tena. Kwa hiyo mtu aniambiapo kwamba kamera fulani haishikiki vizuri, humsikiliza kwa adabu tu.

Kifo chake kilimfikia angani. Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Shirika la Uhabeshi kutoka Addis Ababa kurudi Nairobi, pamoja na mwandishi wake wa siku nyingi, Brian Tetley. Ndani mlikuwa na watu 175. Vijana watatu waliiteka wakitaka ipelekwe Australia, wala hawakumsadiki rubani alipowaeleza kuwa mafuta hayatoshi. Mafuta yakaisha juu ya bahari yetu hii, na ndege ikaanguka majini karibu na ufuo wa Ngazija, upande wa Mitsamiouli, mbele ya hoteli ya Galawa. Wangazija na watalii waliokuwa ufuoni walikimbilia mitumbwi na mashua kuokoa watu. Watu 125 walikufa, Mohamed Amin na Tetley wakiwa miongoni mwao. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Ufuoni palikuwa na mtalii aliyekuja fungate, naye alikuwa na kamera ndogo ya video ya nyumbani, ya kuchukulia kumbukumbu za arusi. Alipoiona ndege inashuka kwenye maji aliinua kamera yake. Sekunde chache zile, bawa likigusa bahari na ndege ikivunjika, zilionyeshwa dunia nzima. Hivyo mtu aliyetumia zaidi ya miaka thelathini akiwahi mahali kabla ya wengine, mwisho wake ulipigwa na mtu asiyekuwa wa kazi hiyo, kwa kamera ambayo mwenyewe asingeinunua.

Kampuni ya Camerapix iliendelezwa na mwanawe, Salim Amin, ambaye alitengeneza filamu juu ya babake mwaka 2006, na hazina ya picha zake ingali inahifadhiwa Nairobi.

Ama mpwa wangu, alikwenda Nairobi akanunua Ricoh kuukuu, yenye mkwaruzo ubavuni lakini lenzi yake safi, na fedha zilizobaki akanunua betri mbili za akiba, maana kamera hizo hula betri kama mchwa. Usiku wa kwanza wa Ramadhani hakupiga picha hata moja ndani ya msikiti. Aliswali tu, akatazama taa ziko wapi na watu hupita wapi. Usiku wa tatu akakaa karibu na mlango, ambapo pana taa moja juu ya rafu ya viatu. Amenitumia picha moja. Mzee ameinama akivaa makubadhi, mkono mmoja ukutani. Nyuma yake ni giza la Meru, na kwenye ukingo wa kofia yake kuna mstari mwembamba wa mwanga. Pembeni ina chengachenga nyingi. Nyuma ya picha, kama nilivyomwagiza, ameandika jina la mzee, jina la babake, na saa.